Deni la Samli

Kijana wa chuo kikuu, Thackray, kakunjua ramani
juu ya meza ya Bi Taqiya, ghorofa ya tisa, Sheffield,
kazibana pembe kwa vikombe vya chai,
maana dirisha halifungiki vizuri
na upepo wa Machi haubishi hodi.
Picha imepigwa kutoka juu sana.
Mapaa ya Sanaa, kijivu kwa kijivu,
mji ulioshirikiana jina na neno letu la ufundi.

Mimi nimeitwa nikalimani
kwa Kiarabu changu cha chuoni, cha irabu na bakora,
ambacho Bi Taqiya hukisikiliza
kama redio ya nchi jirani.

Nyumba hii ina orofa ngapi?
Sita.
Ilijengwa lini?
Babu wa babu alipozaliwa, ilikuwa tayari inavuja.
Kijana anaandika: haijulikani.
Hali yake sasa?

Bi Taqiya avua miwani, aipangusa kwa mtandio, aivaa.
Kidole chake chaingia kichochoroni,
chakwepa kitu, punda nadhani, au mtaro,
chapinda kushoto kwa muuza zabibu,
chasimama.
Hapa peusi si kivuli, asema.
Palikuwa na madirisha ya jasi na vioo vya rangi.
Asubuhi tulioga rangi kabla ya maji.

Nikatafsiri: imebomoka.
Saa zilikuwa zimekwenda. Niwieni radhi.

Sasa mwambie aandike deni.
Deni gani?
Nyumba ya mkabala, ya kina Matari.
Bibi yangu alikopa bakuli la samli, arusi ya mamangu,
mwaka wa mvua ya mawe. Hatukulipa.
Ukaja msiba, ukaja ugomvi wa ukuta, zikaja ndege.

Thackray akaigeuza fomu, akaigeuza tena.
Ipo safu ya urefu, ya mawe, ya nyufa, ya mwenye mali.
Ya samli haipo.

Dawa ya deni kulipa, nikanong'ona kwa lugha yangu,
na Bi Taqiya akalidaka neno, deni,
akacheka mara ya kwanza tangu nimjue.

Jumamosi nimo kwenye treni ya Liverpool,
kopo la samli mapajani, joto kama paka.
Ishraq, mjukuu wa Matari, hufundisha udereva;
kafungua mlango funguo zikining'inia kidoleni.
Samli? Nyumba ipi? Sanaa aijua kwa simu tu.
Nikamweleza, nimesimama, mvua ikinipiga kisogoni.
Akachovya kidole, akaonja, akanyamaza.
Kisha akalichukua kopo ndani, nikasikia kabati
zikifunguliwa na kufungwa, moja baada ya nyingine,
kwani hata aliyezaliwa huku anajua
chombo cha jirani hakirudi kitupu.

Biskuti saba. Ndizo alizopata.
Njia nzima zinagongana koponi,
na tiketi yangu sijui nimeiweka wapi.