Kilichovuja Kwenye Ngoma

Lusangija kaondoka na treni ya Jumanne,
upande wa pili wa albamu uko nusu.
Kaacha pedali, kaacha deni la chapati kwa Mama Chausiku wa Gongoni,
na gitaa lake lote limo ndani ya tepu yetu moja.

Ghala hili lilikuwa la tumbaku.
Nikipiga toazi kwa nguvu
vumbi la majani hushuka kutoka kwenye boriti,
Hamduni hupiga chafya katikati ya ubeti,
na Fundi Almasi husema, "Iacheni. Imeingia kwenye mpigo."

Tunarekodi usiku, mashine za mbao zikishalala.
Magunia ukutani yanakula mwangwi.
Spika tuliichana kwa wembe, makusudi,
gitaa litoke kama nyuki wa Sikonge
waliofungiwa kwenye debe la mafuta ya taa.
Jamaa wa bendi ya dansi walisimama mlangoni:
"Hiyo imeharibika, au ndivyo mnavyotaka?"
Tukajibu, yote mawili.

Hatukugombania pesa. Hazikuwepo.
Tuligombania dakika kumi na saba.
Yeye alitaka wimbo uende mpaka tepu iishe,
uende tu, kama mtu atembeaye usingizini
na hakuna wa kumshika mkono.
Hamduni alitaka kiitikio.
Mimi nilinyamaza,
na kunyamaza kwa mpiga ngoma ni kura.

Alhamisi akaja Kalunde, bado yumo ndani ya sare ya reli,
karani wa tiketi, kucha fupi, maneno ya kuhesabu.
Hakuuliza wa kabla yake alipigaje.
Alichukua mkanda wa gitaa, akautoboa tundu jipya kwa msumari,
akavua kiatu, akakanyaga pedali kwa mguu mtupu.
Nyuzi zikalegea kama nta juani.
Ukuta, nakuapia, ulivuta pumzi.

"Nafasi ni moja," Almasi akasema,
kidole juu ya kitufe chekundu.
"Akiingia huyu, yule anafutika."
Tepu mpya ziko Dar es Salaam.
Pesa ya tepu haiko popote.
Akabonyeza.

Alfajiri tukasikiliza. Kulikuwa kuzuri,
kuzuri kiasi cha kuniudhi.
Nikaomba: zima gitaa, zima besi, zima sauti,
niache peke yangu.
Ngoma zikatoka, kavu, na nyuma yake,
mbali, kama mtu anayeimba bafuni nyumba ya tatu,
Lusangija.

Alivuja.
Maikrofoni yangu ilimsikia akipita,
na yenyewe hakuna aliyeiambia isahau.

Almasi akakuna kidevu.
"Huyo hatoki mpaka utoke wewe."
Hamduni akaangalia viatu vyake.
Kalunde alikuwa anafunga kamba za kiatu, hakuinua kichwa.
"Mwacheni," akasema.
"Nilimsikia kwenye hedifoni tangu mwanzo.
Mlidhani nilikuwa namjibu nani?"

Nje, mashine za mbao zikaanza kupiga kelele.
Tukaviringisha nyaya.
Kwenye karatasi ya majina Almasi aliandika *gitaa*,
akaweka nukta mbili,
kalamu ikabaki hewani mpaka chai ikapoa.

Deni la chapati nimelilipa mimi.