Zungushia Moja

Dodoso lilikuja limeshatafsiriwa,
kurasa nne, pini moja kwenye kona,
kauli sitini, zote zinaanza na Mimi.
Mimi ni mchangamfu. Mimi hukasirika upesi.
Zungushia moja hadi tano, usifikiri sana.

Kazi yangu kugawa na kukusanya,
ukumbi wa juu pale Mlimani,
feni mbili, moja imekufa.

Henrike, mgeni wa muhula mmoja kutoka Ujerumani,
alimaliza kabla sijafika safu ya nyuma.
Tano, moja, tano, tano.
Anajijua kama mtu anavyojua namba ya kiatu chake.
Nilimwonea wivu, nisiseme uongo.

Kokushubila akanyoosha kidole:
"Mchangamfu mbele ya nani?"
Nikasema, kwa ujumla.
"Kwa ujumla," akajibu, "mimi sipo."
Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka, kisha nikaacha.

Time binti Hamad, mtu wa Wete,
akazungushia tatu kutoka juu hadi chini,
zikapangana kama shanga uzini.
Akirudisha kalamu akaninong'oneza:
anayejisifu kajivua nguo,
na anayejiponda anaomba sifa
kwa mlango wa uani.

Ng'washi hakuzungushia kitu. Pambizoni aliandika:
Waulize ninaokaa nao.

Usiku, Mabibo, umeme umekatika,
nikajaribu mwenyewe kwa tochi ya simu.
Kauli ya arobaini na moja:
Mimi hupenda kuwa peke yangu.
Chumba cha vitanda sita,
tumo tisa, maana tunabebana.
"Unafanya nini gizani?" Chitanda huyo, anapapasa mezani.
"Najitafuta."
"Ukijipata, nipe kikombe."

Asubuhi dokta akapitia rundo.
Ya Henrike, safi.
Ya Time, haisemi kitu, toa.
Ya Ng'washi, haijakamilika, toa.
Ya Kokushubila ilikuwa na mwandiko wa sisimizi
kando ya kila namba:
kwa mama mbili, msibani moja,
kwa yule wa Sinza nne,
siku bumu likiingia, tano.
Toa.

Nikatoa. Nimezikunja begini,
sijui kwa nini, hazina soko.

Na yangu imo humo, haikuhesabiwa.
Pale kwenye arobaini na moja
Chitanda aliweka kikombe chake cha chai,
akakisahau hadi kulipopambazuka.
Kimeacha duara moja la kahawia,
limezizungushia namba zote tano.