Siku ya Kumi na Tisa, Newala

Asubuhi tena. Mpira wa mashine
unanikaba mkono, unaachia.
"Mia sitini kwa mia na kumi," asema Dakta Nambunga,
kama anayetaja bei ya korosho mnadani;
ila hapa bei ikipanda hakuna anayepiga vigelegele.

Huko Mkoma wanasema: Somoe anadeka,
mimba si ugonjwa.
Wawili niliowazika nyuma ya jiko
hawakuulizwa maoni.

Usiku nesi huja na tochi,
hunigonga goti kwa nyundo ndogo.
Goti linaruka. "Vizuri. Dawa haijazidi."
Anaandika, anahamia kitanda cha pili.

Nami gizani nakaa nikihesabu
mpaka huyu wa ndani arushe teke,
kana kwamba naye
kagongwa goti.