Hesabu Nyuma ya Risiti

Barua ya kazi nimeisoma juu ya paa la lifti,
orofa ya kumi na saba, Upper Hill,
grisi mikononi, simu nimeibana kwa vidole viwili
kama niliyeokota kifaranga cha jirani.
Doha. Fundi, daraja la kwanza.
Mshahara mara nne ya huu,
malazi juu ya kampuni,
tiketi ya kuja nyumbani kila baada ya miaka miwili.
Jibu kabla ya Ijumaa.

Usiku nikatafuta karatasi, nikakosa,
nikageuza risiti ya kodi
ya nyumba yetu ya kaunti hapa Jericho.
Risiti ina jina la mama, Turufena Kavetsa.
Mwaka wa tisa huu tangu tumzike,
na bado analipa kodi kwa wakati
kuliko walio hai.

Upande ule sifuri zilijipanga
kama watoto wa gwaride, viatu vinang'aa.
Upande huu nikaandika: kodi, elfu mbili na mia saba.
Stima. Unga. Nauli ya jioni tu, asubuhi natembea.
Halafu kalamu ikagoma.

Maana Mama Awino wa kibandani namwandika safu ipi?
Machi, kampuni ilipochelewesha siku ishirini na tatu,
alinikatia sukuma, akaandika deni ukutani kwa makaa.
Mvua ikanyesha, ukuta ukasahau.
Nilipokwenda kulipa akataja pungufu,
nikamkumbusha iliyobaki, akakataa,
tukagombana mbele za watu,
kila mmoja aking'ang'ania kupunjwa.
Hiyo ni shilingi ngapi?

Na Baba Akelo wa mlango wa pili,
anayegonga ukuta saa kumi alfajiri maji yakija,
ngo, ngo, ngo,
nikitoka nakuta ndoo zangu kashazipanga?
Kule maji hayakatiki, nasikia.
Basi kule nani atapata sababu ya kunigongea?

Lakini nisijipake mafuta kwa mgongo wa chupa.
Paa linavuja juu ya kitanda cha Vihenda,
naye yuko kidato cha pili, ada ina tundu
kubwa kuliko la paa.
Wapimaji wamepita na rangi nyekundu,
wamechora alama mlangoni, hawakusema ya nini.
Na unafuu huu ninaousifu si wema wa mji:
ni karani fulani ambaye hajafungua ukurasa wetu.
Siku akiufungua,
Nairobi itanidai bei yake halisi, na riba.

Dada yangu Kageha akapiga kutoka Mbale:
"Nenda! Sifa hazinunui dawa."
Akanyamaza, nikamsikia akifungia kuku.
"Ila nikiugua, utakuja na tiketi ya mwaka gani?"

Kizito ana miaka sita Doha.
Nilimuuliza habari za huko, akanitumia sauti.
Mshahara aliueleza kwa dakika mbili.
Dakika nne zilizobaki aliuliza
kama yule mchoma mahindi wa stegi ya Hamza
bado anapaka ndimu kabla ya pilipili,
au siku hizi ni pilipili kwanza.

Mimi najua lifti.
Haipandi kwa nguvu za mota pekee.
Nyuma ya ukuta kuna chuma kizito
kinachoshuka ili watu wapande.
Abiria hawakioni. Reli zake nazipaka grisi mimi.
Sasa nimeandika swali moja chini ya risiti,
karibu na muhuri:
nikipanda, ni nani atakayeshuka?
Nikalikata. Nikaliandika tena.

Ngo, ngo, ngo.

Nikatoka na kalamu sikioni.
Ndoo zangu zilikuwa kwenye foleni, ya tatu na ya nne.
"Mbona taa yako imekesha?" akauliza Baba Akelo.
"Napiga hesabu."
"Imetoka ngapi?"

Maji yalikuwa yanafurika.
Tukainama wote wawili kufunga mfereji.