Msitu wa Majani ya Chai

Meza ni mlango niliong'oa stoo,
umelala juu ya makreti ya maji,
nyumba ya tatu kutoka msikitini, Al Khoudh.
Nje nyuzi arubaini na sita.
Ndani kiyoyozi kinakohoa
na gundi inakauka kabla sijaamua.

Nilishuka wadini na ndoo
kuokota mizizi ya mgunga uliobebwa na mafuriko.
Kila kizizi, ukikipindua juu chini,
ni mti mzima uliozeeka:
una goti, una nundu, una kovu.
Waya wa umeme nikauchuna, nikausokota,
nyuzi saba shina, mbili mbili matawi.
Sponji ya godoro nikaitia rangi,
nikaipitisha kwenye mashine ya kusagia nyanya.
Thuwaiba hakuniuliza,
ila tangu siku ile mchuzi wetu una rangi ya mashaka.

Nikapanda. Miti thelathini na minne,
safu kwa safu, kama mitende ya manispaa
kando ya barabara kuu.
Nikajisifu.

Akaja shangazi Zuwena, aliyekulia bara,
kule ambako mvua haibishi hodi.
Akavaa miwani, akavua, akavaa tena.
"Hili shamba," akasema. "Msitu haupangi foleni.
Msitu mchafu, mwanangu. Uchafu wake uko wapi?"

Akaenda jikoni, akarudi na chujio:
majani ya chai ya asubuhi, ya jana, ya juzi.
Akayaanika kwenye sinia barazani;
nusu saa tu, jua la Maskati likamaliza kazi.
Akanyunyiza kwa vidole vitatu
kama atiaye chumvi wali wa wageni,
na kweli, ardhi ikaoza vizuri.
Akang'oa miti minane, akaipanda upya imesongamana,
mingine ikiegemeana kama watu matangani.
Mmoja akauvunja kwa makusudi.
Usiku mzima wa waya wangu!
Akaulaza chini, akaupaka kuvu ya kijani.

"Na sheria zenu zasemaje?"
Nikamweleza: askari akiingia msituni
akapita upana wa vidole viwili, haonekani.
Bunduki ya nje haimpati, labda kwa bahati ya dadu.

Akanyamaza. Kiyoyozi kikakohoa.

"Vidole viwili," akasema.
"Sisi tulikuwa watano. Siku mbili nyuma ya gogo kama hili,
mama kamziba mdogo wangu mdomo kwa khanga.
Buti moja lilisimama hapa,"
kidole chake kikagusa majani ya chai,
"nikahesabu matundu ya kamba."
Hakusema vita gani. Sikuuliza.
Akaomba gundi,
akalisogeza gogo kidogo tu, mpaka nyuma yake pakapata kiza.

Alhamisi usiku wakaja wachezaji:
Rodel wa hospitali na masanduku yake ya wapanda farasi,
Sreejith aliyesahau miwani,
Muatasim wa benki, anayebusu dadu kabla ya kurusha.
Wakainama, wakapiga picha,
wakausifu msitu kwa lugha tatu.
Raundi ya nne Muatasim akamchukua mlenga shabaha wake
akataka kumlaza nyuma ya gogo,
mahali pazuri kuliko pote mezani.
"Hapo hapana ruhusa," nikasema.
"Kitabu kinaruhusu."
"Hapo pana mtu."
Akanitazama. Akalitazama gogo.
Akamrudisha mtu wake kwenye mawe, bila neno.

Mchezo ule nilishindwa.
Kikosi changu cha kulia kilikwisha chote,
mchangani, peupe, hatua mbili kutoka mti wa kwanza.

Walipoondoka nikaokota vikombe,
nikamkuta sisimizi
aliyefuata sukari iliyobaki kwenye majani,
mkubwa kama mbwa mbele ya askari wa risasi,
akipita katikati ya majeshi mawili.
Akafika kwenye gogo, akaingia nyuma yake.
Nikakaa. Chai yangu ikapoa.
Mpaka adhana ya alfajiri
sikumwona akitoka.