Huenda

Nafunga tasnifu hapa Ng'ong'ona,
gundi ya moto, herufi za dhahabu, elfu nane.
Mashine ikipoa, nasoma.

Wahandisi hawaonekani: boriti "ilipimwa",
zege "lilimwagwa", mkono huuoni.
Wanahistoria husema "nashikilia"
kama walioshika ndama kwa sikio.
Wa tiba huvua viatu mlangoni mwa kila sentensi:
"yaelekea", "kwa kiasi fulani".

Mwaka juzi Matika wa jiolojia
aliandika kuhusu kwetu, Handali:
"Huenda pana maji baridi chini ya mwamba."
Nililifunga neno hilo mwenyewe.
Kwa diwani likafika "pana maji".
Mkutanoni, "maji yapo, changeni".
Mama akauza mbuzi wawili.
Mita themanini,
tukapata chumvi.

Jana Matika karudi na ya uzamivu.
Kabla sijawasha mashine
nilifungua ukurasa wa Handali.
Huenda lipo palepale, mwanzoni mwa sentensi,
halijasogea hata hatua.

Nikamtoza elfu nane.
Nikampa na risiti.