Kiti cha Nne

Machi, Kuopio. Theluji bado imelalia kizingiti,
na sisi watatu tumeikunjua Ufini nzima juu ya meza ya Ilpo,
ramani ya karatasi, kwa kuwa Ilpo haamini njia isiyokunjika.
Pembe moja imebanwa na birika la kahawa,
nyingine na visahani vyangu viwili:
kimoja cha kurusha mbali, kimoja cha kumalizia
pale kikapuni, minyororo inapocheka.

Siku tisa za Juni. Viwanja kumi na vinne,
ama kumi na viwili, maana kalamu anayo Raili
naye hukata kama fundi cherehani.
Mlima huu hapana. Uwanja huu mawe matupu.
Hapa mwaka juzi ziwa lilimeza kisahani changu cha zambarau
na halikusema hata asante.
(Lilikitapika Agosti. Mama mmoja aliyekuwa akiogelea
alisoma namba ya simu mgongoni,
akanitumia kwa posta, pamoja na chupa ya jamu.)

Penye wengi, wanasema, hapaharibiki neno.
Neno labda. Ratiba huharibika.
Ilpo anataka tuwe tunaamka alfajiri.
Nauliza: alfajiri ipi?
Kule kaskazini, Juni, jua halina kwao;
saa sita ya usiku limekaa juu ya misonobari
kama mgeni aliyemaliza chai akasahau kuaga.
Nani atatuambia siku imekwisha?
"Bega," anasema Raili. "Likiuma, ni usiku."

Tunaandika. Mafuta: tuchange sawa kwa sawa.
Dawa ya mbu, chupa tatu,
maana mbu wa kule hawapigi hodi.
Kamba, kwa ajili ya mlango wa nyuma wa Volvo
ambao tangu shangazi yake Ilpo auache urithi
haujapata kufunga kwa hiari yake.
Mkate mweusi. Taulo za kupangusia umande.
Soksi. Chini yake, soksi tena.

Kisha kalamu inafika kwenye viti.
Mbele wawili, nyuma wawili: hesabu ya mtoto.
Ilpo anainuka kuchochea jiko lisilotaka kuchochewa.
Mimi nasoma jina la kijiji kimoja mara tano.
Miaka sita kiti cha nne kilikuwa cha Jouko,
na Oktoba Jouko alihamisha vitabu vyake,
na paka, na nusu ya vijiko,
kutoka nyumba ya Raili.
Hakuna aliyemkosea mwenzake, wanasema wote wawili,
na wote wawili hulisema wakitazama dirisha.

Theluji inaporomoka kutoka paani. Puu.

"Nani atapanda miti?" anauliza Raili.
Hatumwelewi.
"Kisahani kikinasa juu. Ilpo ana goti. Wewe unaogopa hata stuli.
Na mimi mwaka huu sipandi kitu. Nimeshapanda vya kutosha."
Anaandika kwa zile herufi zake za ualimu,
J, o, anasita, kalamu inaacha kitone cha wino, u, k, o.
Pembeni, kwa herufi ndogo: hema lake mwenyewe.
Pembeni zaidi: asilete gitaa.

Haya, nani atampigia?
Sote tunaitazama simu
kama kikapu kilicho mita mia, upepo ukiwa usoni.
Wapo warushaji wanaongoja upepo utulie.
Nimewaona. Hungoja mpaka vidole vinaganda.
Nakichukua kile cha kumalizia kutoka pembeni
(ramani inajikunja taratibu, Lapi inaifunika kusini),
nakishika kwa mkono wa kushoto, kwa ajili ya kushika kitu tu,
na kwa wa kulia nabonyeza.

Inaita mara mbili.
"Nafasi ipo?" anasema Jouko kabla sijamsalimu.
Kumbe mwenzetu ameshanunua soksi.